Usingoje Sanduku Ndio Urudi Ushago

Msee wa Nairobi anakubaliwa kurudi ushago bila maswali mara mbili: Desemba akiwa amebeba mkate na sukari, na siku yenye analetwa na sanduku. Jaribu kutokea Jumanne ya Februari na begi mbili, godoro imefungwa kamba juu ya mat, uone. Kabla ufike kwa geti ya kwenu, mathe wa duka ashajua, mama wa kanisa ashajua, na boda mwenye amekubeba anakuuliza kwa sauti ya chini kama ni kazi iliisha ama ni dem alikufukuza. Ukimwambia umerudi tu kuishi, anacheka. Anadhani kuna kitu unaficha.

Na ile ya sanduku si mchezo. Mnajua stori ya S.M. Otieno? Wakili mnoma wa Nai, aliaga Desemba 1986. Bibi yake, Wambui, akadai kumzika kwao Upper Matasia, huko Ngong. Ukoo wa Umira Kager wakakataa katakata. Wakaburutana koti miezi, nchi yote ikisoma gazeti, na mwishowe jamaa akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Msee alikuwa amejenga laifu yake yote mjini na bado ushago ikamdai. Itakudai pia wewe. Mi nauliza tu mbona ingoje hadi ushindwe kutembea.

Halafu hii mpango ya kufanya kazi tao na kuzeekea nyumbani, usidhani ni ya guka zetu. Mkoloni ndio aliseti. Kwanza akaweka kodi ya nyumba, ikabidi wanaume wateremke kutafuta ganji ya kulipa. Halafu miaka ya 1920 kukawa na kipande, kile kidude cha kuning'inizwa shingoni, ndio karao ajue we ni wa nani na unafanyia nani kazi. Nairobi ilikuwa ya kuchapa kazi na kulala kwa kitanda cha kugawana. Ukichoka ama ukizeeka, unarudishwa rizavu. Kipande ilienda, ratiba ikabaki. Miaka mia baadaye bado unaifuata na unaiita mila.

Cheki hesabu ya Kanairo, lakini polepole, isikuumize. Unaamka mangware unapigania mat. Mjengo ikipatikana ni jirongo na kitu kwa siku, na nusu inaishia kwa nauli na smocha. Mshahara ikiingia Fuliza imeshaichota kabla uione. Kwa ploti za Pipeline unanunua maji kwa mtungi na unapanda nayo ngazi hadi gorofa ya sita. Sasa skia hii: maji mob ya Nairobi inatoka Ndakaini, Murang'a, na Sasumua, hapa kwetu Kinangop, karibu na Njabini. Yaani maji ilishuka kutoka ushago, ikakufuata hadi Embakasi, na ukauziwa.

Na si ati nchi yote iko huko na we ndio utabaki peke yako. Sensa ya 2019 tulihesabiwa milioni 47.6, na karibu saba kwa kila kumi walikuwa wanaishi mashinani. Nairobi, na kelele yake yote, ilikuwa milioni 4.4. Lakini washa redio ama fungua TikTok, utadhani Kenya inaanzia Rongai na kuishia Githurai.

Zamani kulikuwa na sababu ya kuhepa, hiyo nakubali. Karatasi yoyote ya gava ilikuwa ni safari. Stima ilikuwa ya wale wa karibu na lami. Ukitumia mathe doh, unaipatia konda kwa bahasha na unaomba Mungu asishuke nayo njiani. Machi 2007 M-Pesa ikaingia, hiyo bahasha ikafa. 2013 kaunti 47 zikaanza kazi, na sahii mambo yetu ya Nyandarua inapangwa Ol Kalou, hatupandi gari hadi Nyeri. 2015 bei ya kuunganishwa stima ikashushwa kutoka 35,000 hadi 15,000. Sitakudanganya, mvua ikinyesha hiyo stima inapotea na inarudi ikijisikia. Lakini iko.

Basi mbona wasee wengi wakirudi wanarudi tena Nai baada ya miezi kadhaa, wamekonda na wamekasirika?

Juu wanarudi vibaya. Tuliiona 2020. Kabla Nairobi ifungwe tarehe 6 Aprili, mat zilijaa mbaya. Wakafika, wakadishi githeri ya mathe, wakashinda kwa kitanda wakikwaruza simu, na Julai barabara ikifunguliwa wakapotea. Hao walikuwa wamekuja kungoja. Wengine wanarudi na moto wa YouTube: msee ameona video ya tikiti maji, amepiga hesabu kwa kikokotoo, ekari moja mara kadhaa, na kwa kichwa yake tayari ashanunua gari.

Mnakumbuka kware? Kati ya 2013 na 2014 hii nchi ilipagawa na kandege. Ati mayai yake inaponya presha, pumu, kila kitu. Wasee wakachukua lon, wakajenga vizimba, hadi KWS ikawa inapanga watu laini ya leseni, juu kware ni ndege wa pori. Bei ikapanda wazimu. Halafu kila boma ikawa na kware na hakuna mtu wa kununua. Wenye walikula vizuri ni wale wa mwanzo, wenye waliuzia wengine vifaranga na mashine ya kuangua.

Hapo ndio mi hutoa ushauri wangu, na wazee hawaupendi: rudi, lakini usirudi kulima. Angalau si mwaka wa kwanza. Kijiji iko na wakulima tayari, na wanajua hiyo udongo kukuliko. Kenye imekosa ni watu wa kufanyia hao wakulima zile kazi hawawezi ama hawana taimu. Ganji ya kwanza ya ushago iko pembeni ya shamba.

Kuna jamaa hapa Kinangop Kusini kila mtu anamwita Dakta, na amechoka kuwakataza. Alisomea mambo ya mifugo AHITI Nyahururu, akaenda Nai kutafuta kazi, akauza dawa kwa duka ya mwenyewe huko Githurai hadi akasanda, akarudi. Sahii ako na pikipiki, na nyuma ya pikipiki kuna mtungi wa nitrojeni wa kubeba mbegu ya fahali, umefungwa na raba nne.

Simu yake inaanza kulia saa kumi na moja, giza totoro. Hiyo ndio saa mathe anaenda kukama na anapata ng'ombe iko kwa hiti: inalia, inapanda zingine, ute unaning'inia nyuma. Hapo saa imeanza kuhesabu. Ukiiona asubuhi, ipandishwe jioni. Ukiiona jioni, ipandishwe kesho yake asubuhi. Ukikosa hiyo nafasi, ngoja siku 21 zingine, na hizo siku zote inakula na haikulipi. Mathe mwenye anategemea maziwa kulipa karo hatauliza Dakta alipata gredi gani. Atamuuliza ako wapi.

Siku moja nikadandia nyuma tukaenda kwa boma ya shosh mmoja, karibu na msitu. Dakta akamgotea vizuri, akauliza hali ya wajukuu, ndio akaomba maji ya uvuguvugu kwa kikombe. Akavaa glavu ya plastiki hadi kwa bega. Alipofungua mtungi, mvuke nyeupe ikamwagika chini na watoi wote wakaruka nyuma. Akatoa kamrija kembamba na koleo, akasoma jina ya fahali yenye imeandikwa kwa ubavu, akakatumbukiza kwa maji kidogo tu, akakapangusa hadi kakakauka, akakapakia kwa ile bunduki refu ya chuma. Mkono wa kushoto ukaingia ndani ya ng'ombe, anatafuta mlango wa kizazi kwa kupapasa, haoni kitu, na hapo hapo anabonga na shosh kuhusu bei ya maziwa. Shosh amelaani kiwanda, amelaani gava, ng'ombe imetulia. Dakika chache, imeisha. Akajaza kadi: tarehe, fahali, siku ya kucheki kama imerudi kwa hiti. Shosh akatoa kabambe yake kwa leso akatuma M-Pesa mwenyewe, hakuomba mtu usaidizi.

Mbegu ya kawaida inalipwa elfu moja na kitu. Ile ya kuchaguliwa ndio itoe ndama jike ina bei yake. Siku mbaya anapandisha moja ama mbili, siku poa anashinda barabarani hadi usiku. Katikati anauza madini, anakata kwato, anatibu kiwele imefura. Na hii kazi usiianze ati juu umeona video. Lazima usomee na usajiliwe na bodi ya madaktari wa mifugo. Pia usidhani ni raha. Huku tuko juu ya mita 2,400. Julai ukiendesha pikipiki mangware, vidole zinaacha kuwa zako. Matope ya Mei imeshawai mlaza chini na mtungi wake wote. Lakini hana bosi, hana landilodi, na sijawai skia akiuliza kama naeza mwokolea thao hadi Ijumaa, kitu yenye mabeshte zangu wa Roysambu wananiuliza kila mwezi.

Ingine ni makaratasi. 2023 gava ilihamisha maelfu ya huduma zake kwa eCitizen, na haikuhamisha wazee. Mzee wa miaka 70 akidai PIN ya KRA, ama anataka kujua kama jina yake iko kwa orodha ya mbolea ya bei nafuu, ile ilishuka hadi 2,500 kwa gunia, anahitaji mtu ako na kompyuta, printa na subira. Tao ya Engineer kuna mresh anafanya hiyo kazi kwa kachumba kadogo kando ya kinyozi. Anapiga picha za pasipoti, anaandikia wasee sivi, anajazia watoi fomu za basari. Lakini ukimuuliza ni nini inalipa kodi ya duka, anakuambia ni matanga. Programu za matanga, zile za kurasa zenye rangi, picha ya marehemu akiwa na suti ya harusi, jina za wajukuu zote ziandikwe na isikosewe hata moja. Familia inakuja Jumanne usiku, mazishi ni Alhamisi, na hakuna mtu anapunguza bei ya hiyo kitu. Adui yake ni stima. Ilipotea mara mob kwa usiku kama huo hadi akanunua betri na inveta kwa deni, na hilo deni bado analipa.

Welding, kuunganisha solar, mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe yenye unabeba kwa mkokoteni boma hadi boma, kupiga dawa ya waru na pampu ya mgongo, fundi wa mifereji mwenye anafika siku yenye amesema atafika. Hizo zote ziko wazi. Hiyo ya mwisho sana.

Wale wa kazi za onlaini nao siwaelewi kabisa. Wasee wa Roysambu wa kuandikia wanafunzi wa majuu asainmenti wanajua kazi ilikatika ChatGPT ikiingia mwisho wa 2022. Wenye wamebaki na kitu, wale wa kuhariri video, kuchapa maongezi, kuuza vitu kwa simu, mbona mnalipia kelele ya Thika Road? Mteja wako hajawai ona hata mlango yako. Pesa ya bedsita ya huko inakulipia huku nyumba nzima, chenji inunue bando, na viazi unapewa na majirani hadi unaanza kujificha.

Sasa shamba. Najua bado unaiwaza.

Kwetu ni waru, na waru ni Shangi. Inapendwa juu inaiva haraka, kama miezi mitatu hivi, na inapikika haraka, ndio chipo za mtaani karibu zote ni hiyo. Lakini haina subira. Ukishaichimba, wiki chache tu imeanza kuchipuka. Broka anajua hiyo kitu kukuliko. Anakuja jioni na Canter, na watu wake wa kuchimba, na gunia zake. Sheria ya 2019 inasema gunia ya waru ni kilo 50, basi. Broka anakuja na lumbesa: gunia inajazwa hadi mdomo, inashonewa kofia ya neti, inajazwa tena hadi inaota shingo na kichwa. Unalipwa gunia moja. Ukiteta, anawasha gari anaenda kwa jirani, na we unabaki na waru zenye zinatoa macho zikikuangalia.

Mbuyu amepitia hiyo maneno miaka thelathini. Mvua ya Machi ikishika kila mtu anapanda, mwezi mmoja kila mtu anachimba, soko ya Marikiti inafurika, bei inaanguka. We ukija kufanya vile vile na nguvu zaidi, utaanguka vile vile na nguvu zaidi. Ongeza barafu ya Januari, yenye inaeza choma shamba usiku mmoja majani ikawa nyeusi. Na ugonjwa wa kunyausha, ukiingia kwa udongo hautoki juu umeomba.

Penye nimeona vijana wakibadilisha kitu ni kwa mizani. Kuna mbogi ya wasee wanne hapa, hawana hata robo ekari kati yao. Walichanga wakanunua mizani, wakaongea na wenye vibanda vya chipo Umoja na Kayole. Sahii wanachagua waru kwa saizi, wanapakia 50 kamili, wanakodi gari, wanapeleka wenyewe bila kupitia Marikiti. Mkulima anapata zaidi kidogo, wa chipo anajua kilo zake, nao wanakula hapo katikati. Nilimwambia mmoja wao kumbe nyi pia ni mabroka. Akasema ndio, ni mabroka wenye mizani. Wazee walianza kuwapigia simu kabla ya kuchimba, wakiuliza bei ya Kayole, na hiyo simu moja imefanya broka wa Canter aanze kujiheshimu kiasi.

Mmoja wao ndio ameanza kukodi shamba, baada ya kujua soko. Ameanza na mbegu safi, ile ya kuthibitishwa, hakubeba zile ndogo ndogo zenye zilibaki stoo. Huo mpangilio ndio mi naona unafaa: soko kwanza, udongo baadaye.

Kuna kitu hizo video za kurudi nyumbani hazisemi. Usiku wa ushago ni mrefu. Saa mbili barabara imekufa, na penye taa inawaka ni kwa baa. Kijana mwenye hana mpango anapatikana na keroro mapema kuliko vile angepatikana Nai, juu huku ni bei ya chini na kila mtu anakujua jina. Februari 2024 pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya kumi Kangai, Kirinyaga, na wengi wetu huku tunajua mtu alinusurika na macho yamepotea kwa hizo vitu. Ukirudi, tafuta kitu ya jioni kabla itafute wewe: timu ya mpira, kwaya, chama, hata kasomo. Nacheka nikiandika kwaya, lakini kwaya imeokoa wasee mob kuliko semina za gava.

Udaku pia jipange nayo. Dem akirudi inakuwa mbaya zaidi. Yule mresh wa Engineer alipofungua duka aliulizwa ni bibi ya nani, halafu ako na mtoto wa nani, halafu mama mmoja wa kanisa akamshika mkono akamshauri aolewe kwanza ndio biashara ibarikiwe. Akamchapishia huyo mama programu ya matanga ya bro yake vizuri sana, bila kosa, na tangu hiyo siku huyo mama ndio anamletea wateja.

Na kuna wenye sitawaambia warudi. Kama ulitoroka boma yenye walikudhulumu, usidanganywe na stori za hewa safi. Kama umeshikwa na mdosi mwenye anakufunza kazi poa, maliza kwanza, ujuzi ndio mzigo ya maana ya kupanda nayo mat. Kama unakimbia deni za beti, zitakufuata kwa simu hiyo hiyo. Na kuna wenye ushago hawana: wa Majengo, Wanubi wa Kibera, watoi wa tao kizazi cha tatu. Hao wakitaka, wachague katao kadogo penye kuna kazi, waanze kama mtu mwingine yeyote. Kwani sisi tulianzaje? Kinangop hadi mwanzo wa miaka ya 60 ilikuwa ya walowezi, na kabla yao ya Wamaasai. Guka zetu walikatiwa mashamba kwa ule mpango wa ekari milioni, kuanzia 1962, na deni ya kulipa juu yake. Wengi walifika vijana, hawajui mtu, nyumba ni ya mabati na matope.

Hiyo historia iweke karibu, juu utaihitaji siku ya kubonga na mzae.

Hapo ndio wengi wanakwama. Si mvua, si soko, ni mzae. Kwa boma mob taito bado iko na jina ya guka, na guka aliaga kitambo, urithi haujapelekwa koti. Kwa hivyo hata mzae mwenyewe hana karatasi ya kukupatia, na anajua, na anaona aibu kukuambia. Ukifika jana na leo umemuuliza shamba yako iko wapi, anaskia kama umemuuliza atakufa lini. Nyi madem, mabro wenu watasema hamna fungu hapo. Katiba ya 2010 inasema mko sawa, na inaeza kuwa hawajafika hiyo kurasa.

Mi nimeona njia yenye inafanya. Kaa kwanza. Msaidie na kitu yenye inamkera, kama ile mbolea ya bei nafuu, ama ng'ombe ya kupandishwa usiku. Kila jioni akikunywa chai uwe hapo, usiwe kwa simu. Siku ya kuongea, muite mathe akae, na ikiwezekana mjomba. Mwambie, "Baba, nadai kukodi robo ekari ile ya chini, misimu miwili, nitalipa vile mtu wa nje angelipa." Ukisema kukodi unamtoa kwa mambo ya urithi na kifo. Andikeni karatasi, hata kama atacheka ati mtoto anaandikisha babake. Andikeni mipaka, kodi, na nani anachimba kukiwa na mvua. Halafu lipa kwa wakati, M-Pesa, ndio kuwe na ushahidi na ndio aone meseji ikiingia mbele ya wazee wenzake pale dukani.

Akikataa, usikasirike, usihame, na usimwambie shosh akuombee msamaha. Enda kwa jirani, kodi yake. Lima hapo kando kando na ua, penye mzae anapita kila asubuhi akipeleka maziwa. Atapita msimu wa kwanza akitazama mbele. Akiona pesa ya boma yake inaingia kwa boma ya jirani, sidhani utafika msimu wa tatu kabla akuite ndani mnegoshieti.